Cheti cha shukrani hakinunui rangi

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi ya sherehe moja iliyofanyika mwezi wa Aprili mjini Bukoba. Kamati ilihitaji picha kubwa ya kupamba jukwaa, tukamwita kijana mmoja mchoraji, mkazi wa kata ya Buhembe. Kijana yule alifanya kazi siku tisa, kwa rangi yake na kitambaa chake. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la mahema, fungu la vipaza sauti, fungu la chakula cha wageni, hata fungu la maji ya chupa. Fungu la mchoraji halikuwamo. Siku ya sherehe aliitwa mbele, akakabidhiwa cheti cha shukrani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Naliandika jambo hili kwa sababu naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu, watumishi wa umma na walimu, wamewahi kukaa katika kamati kama ile. Hatukuwa watu wabaya. Tulimdhulumu kijana yule kwa mazoea, kwa kuwa tumezoea kuiita sanaa kipaji, na kipaji tunakiona kama mvua: kimetoka kwa Mungu, hakina gharama. Fundi mwashi hatumwambii hivyo, wala dereva wa gari la kukodi.

Lililo dhahiri ni kwamba msanii ni mfanyakazi, na kazi yake ina misimu kama ya mkulima. Bukoba ni mji wa mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba. Mwezi wa Aprili hewa itokayo ziwani ni nzito. Rangi ya mafuta hukawia kukauka, karatasi hushika ukungu, na mchoraji ambaye chumba chake cha kazi ndicho anacholala na watoto huzihamisha picha kila paa linapovuja.

Mvua hiyo hiyo ni neema kwa mtengenezaji wa nguo za magome. Gome la mti ambao Wahaya wanauita omutoma huvuliwa wakati mti umejaa maji. Shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba lipate kupona na kuotesha gome jingine. Kisha gome hupondwa kwa nyundo za mbao, katika kibanda kisichopigwa na jua, lisije likakauka kabla ya kulainika. Babu zetu walivaa nguo hizo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo, kama ufanywavyo na jirani zetu wa Uganda, kuwa miongoni mwa urithi adhimu wa wanadamu. Upande wetu wa mpaka tumeuacha mikononi mwa wazee wachache.

Ikifika Juni, kahawa huanikwa na fedha hutembea. Harusi huwa nyingi, na mwezi wa Agosti huja maonesho ya Nane Nane. Hapo msanii hupata mteja: huyu anataka picha ya ukutani, yule anataka vikapu vya kumtunza bibi harusi. Novemba ni senene. Desemba wana wa Buhaya hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Mwanza kula Krismasi, na biashara huchangamka tena. Januari ni ada, sare na madaftari, wala hakuna anayekumbuka picha.

Basi msanii ana misimu miwili ya kuuza, na miezi iliyobaki hula akiba na kujiandaa. Rangi aliyoinunua Desemba ndiyo inayotakiwa kumfikisha Juni. Anayemwita mwezi wa Aprili, akaitumia rangi hiyo na kumlipa cheti, amemnyang'anya pembejeo katikati ya msimu. Mkulima akitendewa hivyo tungeita mkutano.

Wapo watakaosema kwamba kizuri chajiuza. Ni kweli, kikionekana. Kizuri kilichosukumwa chini ya kitanda hakijiuzi. Kumbi zinazojulikana za kuoneshea picha ziko Dar es Salaam, kama vile Nafasi Art Space iliyoanzishwa mwaka 2008, na kutoka Bukoba hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, picha ikisafiri katika buti la basi pamoja na mikungu ya ndizi.

Wengine watasema kwamba sanaa ya uchoraji ni anasa ya Wazungu, haina la kumwambia mtu wa kijijini. Hao nawakumbusha marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na baadaye kufundisha sanaa Makerere. Ntiro alichora hasa maisha ya kijiji: migomba, kahawa, watu wakisaidiana kazi. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York liliinunua. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na mchoraji huyo akawa balozi wetu wa kwanza mjini London.

Pombe ya ndizi, ndugu msomaji! Lubisi ile ile ambayo kila aliyekulia Bukoba anaifahamu harufu yake. Wamarekani waliona kwamba inastahili ukuta na fedha. Ingia leo katika ofisi zetu nyingi, ukutani utakuta kalenda ya kampuni na saa iliyosimama.

Nakubali kwamba mshahara wa mwalimu hauna nafasi ya anasa, na wala simtaki mtu anunue picha badala ya unga. Ninalolisema linahusu fedha ambazo tayari zinatumika. Kamati inayoweza kununua maji ya chupa inaweza kumlipa mchoraji, na imlipe sehemu ya fedha kabla ya kazi kuanza, ndipo anunue rangi. Shule inayoagiza vikombe vya plastiki kwa ajili ya zawadi inaweza kuagiza vikapu kwa mama wa jirani. Halmashauri zenye kumbi ambazo wiki nzima hukaa tupu zinaweza kuwafungulia wasanii wiki mbili za Juni na mbili za Desemba, wakati wa wateja.

Walimu nao wana wajibu mkubwa zaidi. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Amali haifundishwi ubaoni peke yake. Aitwe mpondaji wa magome, aitwe msusi wa vikapu, aitwe mpiga nanga, akae na watoto asubuhi moja, naye alipwe kama mgeni mwingine yeyote wa shule.

Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 aliuona utamaduni kuwa roho ya taifa. Lakini roho hukaa katika mwili, na mwili hula.

Nilimkuta tena kijana yule wa Buhembe baada ya miezi kadhaa. Alikuwa juu ya ngazi, akiandika kwa rangi nyekundu bei za saruji kwenye ukuta wa duka. Ni kazi halali, na mwenye duka alimlipa jioni ile ile. Nilimwomba radhi, nikatoa fungu langu la lile deni la kamati. Wenzangu tuliokaa pamoja siku ile wanajijua. Nao bado hawajachelewa.