Kitanda cha bibi, kabati la mtumba: Kipi kiingie chumbani kwa mtoto?

Mtoto wa pili akikaribia kuzaliwa, wa kwanza huhamishwa chumba. Hapo ndipo hesabu za fenicha zinapoanza.

Bibi wa Tanga anapiga simu kusema kitanda chake cha zamani kimekaa tu stoo, waje wakichukue. Shangazi ana kabati la droo lililokuja na kontena la mtumba. Baba naye amepita Keko, jijini Dar es Salaam, ameona kitanda kipya kinachong'aa vanishi na fundi amempunguzia bei.

Mara nyingi mjadala wa namna hii huishia kwenye mambo mawili: bei na muonekano. Linalosahaulika ni mtoto mwenyewe. Mtu mzima hulala kitandani na kutundika nguo kabatini. Mtoto wa miaka miwili huuma kingo za kitanda, huvuta droo zote akazipanda kama ngazi, na hujificha ndani ya kasha la bibi.

Ukiangalia hivyo, cha kale si lazima kiwe kibaya na kipya si lazima kiwe salama. Kila kimoja kina swali lake.

Cha kale: Kimepakwa nini?

Wafanyabiashara wa vitu vya kale kwa kawaida hulitumia jina hilo kwa kitu chenye umri wa miaka 100 au zaidi. Kilicho chini ya hapo, kama kabati la miaka ya 1970, ni cha zamani tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye bei, lakini kwa afya ya mtoto haina uzito sana.

Sifa ya vitanda vya zamani vya pwani, zikiwamo samadari, ni mbao ngumu. Mfumbati na matendegu ya mvule au msaji huweza kupita vizazi bila kulegea. Tena nguzo nne za samadari hushika chandarua vizuri kuliko msumari wa ukutani. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku.

Kama mbao imepakwa mafuta au vanishi tu, hofu ni ndogo. Hofu inaanza pale kitanda kilipopakwa rangi miaka mingi iliyopita. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake huenda kwenye ubongo, yakagusa uwezo wa kujifunza, umakini na tabia, na mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote mwanzoni.

Kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema ni kuchukua msasa na kukwangua rangi hiyo ndani ya nyumba. Vumbi lake linaweza kuwa hatari kuliko rangi ikiwa imetulia. Mjamzito hatakiwi hata kuwa karibu, kwa sababu risasi hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni.

Rangi ikiwa inabanduka na historia yake haijulikani, kitanda hicho kisiwe cha mtoto. Kama familia inataka kukitunza, kazi apewe fundi na ifanyike nje, mbali na watoto. Mbao iloweshwe kabla ya kupigwa msasa, moto usitumike kubabua rangi, na mabaki yote yakusanywe.

Kingine ni vipimo. Vitanda vya kale havikutengenezwa kwa magodoro ya leo ya futi 4 kwa 6 au 5 kwa 6. Godoro likipwaya, mtoto mdogo anaweza kuteleza kati yake na mfumbati akakosa hewa. Pengo likiruhusu zaidi ya vidole viwili kupita, limezidi. Angalia pia kimo: samadari nyingine ziko juu kiasi kwamba mtu mzima huhitaji kigoda kupanda, na mtoto akianguka kutoka huko huumia.

Cha mtumba: Kimetoka kulala wapi?

Hapa mkaguzi wa kwanza ni tochi ya simu. Mmulike kunguni kwenye maungio ya chaga, matundu ya skrubu, kona za droo na nyuma ya kabati. Tafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, magamba waliyojivua, na mayai meupe ya takriban milimita moja.

Usiridhike na maneno ya muuzaji kwamba kitu kimekaa stoo miezi mitatu. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu. Hajulikani kueneza magonjwa kwa binadamu, lakini mtoto asiyelala usiku kwa kujikuna hachangamki shuleni, na vidonda vya kujikuna huweza kuingia wadudu vikatunga usaha.

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa kwenye maungio, na wapo wanaopuliza dawa ya shambani. Vyote viwili havifai chumba cha mtoto: mafuta ya taa yanashika moto, na dawa ya shambani haikutengenezwa kwa mahali pa kulala. Joto ndilo msaada wa kwanza. Fungua kitanda vipande vipande nje, sugua maungio kwa brashi, mwagia maji yanayochemka pale ambapo mbao inaweza kuhimili, kisha anika juani hadi kikauke. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto.

Vitanda vya watoto wachanga vyenye fito pembeni navyo huja kwa wingi kutoka nje. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, la sivyo mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikabaki. Vile ambavyo upande mmoja hushushwa na kupandishwa viache kabisa. Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa, na vya zamani vingali vinazunguka sokoni.

Kuhusu godoro hakuna mjadala mrefu: la mtumba liachwe. Sponji hufyonza mkojo na jasho, hubeba kuvu na kunguni, na likishabonyea katikati halimfai mtoto mchanga, anayetakiwa kulala chali juu ya godoro gumu na tambarare, bila mto. Mbao inarithiwa, godoro hapana.

Kipya: Kimeunganishwa kwa nini?

Fenicha nyingi mpya za bei nafuu si mbao za mti mzima. Ni unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, ambazo mafundi huziita MDF au chipbodi. Gundi nyingi za aina hiyo hutoa hewa ya fomaldehaidi, na ndiyo sababu mojawapo ya kabati jipya kuwasha macho na pua. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliiweka kemikali hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hiyo haimaanishi kila kabati jipya litamuumiza mtoto. Hewa hiyo hutoka zaidi mwanzoni, na huongezeka kukiwa na joto na unyevunyevu, hali ambayo watu wa pwani wanaijua. Nunua wiki kadhaa kabla ya mtoto kuhamia, acha droo na milango wazi, fungua madirisha. Kingo zilizokatwa na kuachwa bila kufunikwa ndizo hutoa zaidi, hivyo mwambie fundi azizibe. Kama mtoto ana pumu, mbao za mti mzima ni chaguo bora, hata kama ni kabati dogo.

Kitanda cha Keko nacho kisiingie ndani siku ileile kilipopakwa vanishi. Kikipakwa rangi, omba kuona kopo na utafute maandishi kwamba haina risasi.

Kabati lolote lifungwe ukutani

Hatari hii haijali umri wa fenicha. Mtoto akivuta droo tatu kwa pamoja na kuzikanyaga, kabati lote humwangukia, na likiwa na televisheni juu yake ni baya zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kurudisha takriban makabati milioni 29 ya droo nchini Marekani baada ya watoto kufa kwa njia hiyo.

Kinga yake ni chuma cha kona na skrubu vinavyolishika kabati ukutani. Fundi hulimaliza jambo hilo kwa muda mfupi. Vitu vizito vikae droo za chini, na vichezeo visiwekwe juu ya kabati, maana ndivyo vinavyomvuta mtoto apande.

Kasha la bibi lenye njumu za shaba linapendeza, lakini mfuniko wake ni mzito na mtoto akijifungia ndani hewa huisha. Ng'oa komeo linalojifunga lenyewe, au kasha likae chumba cha wazazi.

Kwa familia ya mfano wetu, jibu huenda likawa mchanganyiko: kitanda cha bibi kama hakina rangi inayobanduka, godoro jipya linalokienea sawasawa, na kabati la shangazi lililokaguliwa kwa tochi na kufungwa ukutani. Fedha ambayo baba angelipa Keko inatosha kuanzia godoro na chandarua kipya.

Kabla mtoto hajahamia, mzazi apige magoti hadi kimo cha mwanawe na kuzunguka chumba hicho kwa dakika tano. Atavuta droo, atagusa kingo, atatazama chini ya kitanda. Kitakachomtia wasiwasi akiwa pale chini ndicho cha kurekebisha kwanza.