Mtoto Akinyamaza Shuleni Ughaibuni



Ndugu yangu uliyehamia Uingereza na watoto wadogo, sikiliza. Mwanao ameanza shule, wiki zinapita, hasemi neno darasani. Mwalimu anakuita, nawe unarudi nyumbani na amri: kuanzia leo hapa ni Kiingereza tu!

Usifanye hivyo. Mtoto aliyeingia kwenye lugha ngeni huweza kukaa kimya miezi kadhaa, masikio yake yakikusanya. Si mjinga huyo. (Ila kama hata Kiswahili hakisemi sawasawa, au hageuki akiitwa, mpeleke akapimwe, usingoje.) Wewe Kiingereza unakibabaisha, utamfunza adabu na dua kwa lugha gani? Kiswahili chako kamili, cha hadithi za usiku na majibu ya "kwa nini" zake zisizokwisha, ndicho kitakachomsaidia kuishika lugha ya pili.

Zayd bin Thabit, Allah amridhie, aliamrishwa na Mtume ﷺ ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayashika kwa nusu mwezi, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Hakuambiwa aache Kiarabu chake. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Allah ametaja kutofautiana kwa ndimi zetu miongoni mwa ishara Zake.

Basi mwalike mtoto wa jirani waje wacheze pamoja. Mwombe mwalimu maneno ya wiki ijayo, umweleze mwanao maana zake kwa Kiswahili kwanza. Na bibi yake akipiga simu kutoka Tanga, mpe mtoto simu azungumze mwenyewe. Usiwe mkalimani baina yao.