Mwamba Ngoma: Ushabiki wa Makundi katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Imepita nusu karne tangu diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka wa 1974, na mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ungali unafundishwa kana kwamba ni mgogoro wa vina na mizani. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya mgogoro huo haikuwa suala la arudhi hata kidogo. Ilikuwa, na ingali, suala la makundi: nani ni wetu, nani si wetu, na lipi la kukumbukwa juu yake. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mhakiki wa ushairi wetu amekuwa mwamba ngoma kwa muda mrefu mno.

Nguvu ya kundi si jambo la kudhaniwa tu. Mwaka wa 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza. Baadhi yao waliambiwa kwamba wamegawanywa kulingana na walivyopendelea michoro ya Klee au ya Kandinsky. Kwa hakika mgawanyo huo ulikuwa wa kubahatisha. Hakuna aliyejua mwenziwe yu kundi gani, wala hakuna aliyejigawia mwenyewe. Hata hivyo, walipopewa fursa ya kugawa fedha waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikuwa radhi wenzao wapate kidogo zaidi ili mradi kundi la pili liachwe nyuma. Mwaka wa 1980 John Howard na Myron Rothbart walionyesha kwamba kumbukumbu nayo huinamia upande uo huo: mabaya ya kundi la nje hukumbukwa kwa wepesi kuliko mabaya ya kundi la mtu mwenyewe. Ikiwa majina ya wachoraji wawili yalitosha kuyazua hayo, sembuse majina 'wanamapokeo' na 'wanamabadiliko', ambayo nyuma yake zimejificha pwani na bara, msikiti na kanisa, baraza na chuo kikuu?

Itazamwe kwanza kumbukumbu ya wanamapokeo. Katika kumbukumbu hiyo, shairi huru ni kazi ya watu wa bara waliolemewa na kunga, wakakimbilia Ulaya kutafuta kisingizio. Picha hii hudumu kwa kusahau mengi. Aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, kitabu ambacho wanamapokeo hukifanya msahafu wao, ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, aliyeshikilia vina na mizani na kuupa umbo utanzu wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kwa upande mwingine, Alamin Mazrui, aliyetoa Chembe cha Moyo mwaka wa 1988 kwa mtindo wa mashairi huru, ni mzaliwa wa Mombasa. Naye Kezilahabi, anayeshutumiwa kwa kuwapa kisogo waliomtangulia, aliiandika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka wa 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert. Mambo haya si siri. Yamo vitabuni; ila hayakai akilini kwa sababu hayana kundi la kuyatunza.

Wanamabadiliko nao hawana la kujivunia. Wao humkumbuka mshairi wa arudhi kama mhesabu silabi, mtu aliyefungwa na umbo hata asiweze kuyasema ya wakati wake. Abdilatif Abdalla alifungwa kweli, lakini si na mizani. Alifungwa gerezani kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, na humo akatunga Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka wa 1973, kwa vina na mizani. Anayedai kwamba umbo la jadi halibebi upinzani hana budi kwanza kuisahau diwani hiyo, au kuitaja kama kighairi. Na kighairi ndicho kichaka cha mwenye ushabiki: wema wa asiye wetu huwa wa mtu mmoja, kosa lake huwa la kundi zima.

Huenda ikajibiwa kwamba uchungu wa wanamapokeo una msingi. Ni kweli. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikaachwa kando. Watu walioirithi sanaa hii kwa vizazi walijikuta wakisahihishiwa lugha yao, kisha baadaye wakaambiwa kwamba hata tungo zao zimepitwa na wakati. Aidha, kunga za utunzi hazikuhifadhiwa na maktaba. Zilihifadhiwa na jamaa na mitaa, yaani na kundi. Lakini dhuluma hiyo ni hoja ya kihistoria, na itetewe kama historia. Ikivishwa joho la arudhi inapoteza haki yake, na arudhi inapoteza maana yake. Swali la nani alipokonywa lugha halijibiwi kwa kuhesabu mizani.

Hasara ya yote haya humwangukia mwanafunzi. Hujifunza kumtambua mshairi kwa jina na kwao kabla ya kuusoma ubeti wa kwanza, kisha akauona katika ubeti huo ule ubora au upungufu aliokuja nao. Anachokiita uhakiki ni sensa.

Dawa yake ni ya zamani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1929, I. A. Richards alieleza yaliyotokea alipowapa wasomaji wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi: wengi walibabaika, maana walikuwa wamezoea kuambiwa nani wa kuheshimiwa. Idara za Kiswahili na zithubutu kufanya vivyo hivyo. Mashairi ya jadi na huru, ya pwani na ya bara, yawekwe mezani bila majina, na kila msomaji atoe hukumu yake kwa maandishi kabla majina hayajafichuliwa. Atakayekataa jaribio hilo atakuwa amekwisha kukiri kwamba alichokuwa akikihakiki ni watu, wala si mashairi.