Kipimo kilivyoamua Nobel ya Fizikia

AKADEMIA ya Sayansi ya Uswidi ilipotangaza washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo Oktoba 3, 2023, wafuatiliaji wa taaluma ya leza walikuwa na kila sababu ya kulitarajia jina la Paul Corkum wa Kanada. Mnamo 2022, Corkum alikuwa ametwaa Tuzo ya Wolf pamoja na Anne L'Huillier na Ferenc Krausz. Hao wawili waliitwa tena. Nafasi ya tatu, hata hivyo, ilimwendea Mfaransa Pierre Agostini.

Kanuni za Nobel haziruhusu zaidi ya watu watatu kugawana tuzo moja, hivyo lazima mmoja angeachwa. Lakini kwa nini awe Corkum, ambaye mnamo 1993 alieleza jinsi atomu zinavyozaa nuru iliyowapa wenzake sifa? Jibu limo katika suala la kipimo.

Nuru hiyo huja kwa mimweko inayodumu makumi au mamia ya atosekunde tu. Sekunde moja ina atosekunde bilioni moja mara bilioni moja. Hakuna kifaa cha umeme kiwezacho kufuata kasi hiyo. Ili kupima tukio fupi, sharti kuwe na jingine fupi zaidi, na hapo ndipo penye kizungumkuti: hakukuwa na kifupi kuliko mmweko wenyewe.

Kwa mimweko ya femtosekunde, ambayo ni mirefu mara elfu moja, wanasayansi waliukwepa mtego huo kwa kuufanya mmweko ujipime. Uligawanywa kuwa mapacha, mmoja akacheleweshwa kidogo, kisha wakakutanishwa ndani ya fuwele inayotoa nuru mpya pale tu wanapofika pamoja. Muda ukajulikana, ila umbo likabaki fumbo hadi mapema miaka ya tisini, Rick Trebino na Daniel Kane walipoichambua nuru hiyo mpya kwa rangi zake. Hilo si jambo dogo. Mmweko wa femtosekunde 10 ukipenya kioo chenye unene wa milimita chache hurefuka mara kadhaa, na asiyeupima hatajua.

Kwa atosekunde, mbinu hiyo iligonga mwamba. Mimweko ilikuwa hafifu mno, na fuwele huimeza. Tangu miaka ya tisini ilishukiwa kwamba gesi inayopigwa kwa leza, kama walivyofanya L'Huillier na wenzake nchini Ufaransa mnamo 1987, tayari ilikuwa ikiitoa. Kilichokosekana ni ithibati.

Ithibati ilipatikana 2001. Kundi la Agostini liliielekeza mimweko hiyo kwenye gesi ya argoni sambamba na leza ya kawaida, likachunguza elektroni zilizong'olewa huku likibadilisha mwachano wa nuru hizo mbili. Kila mmweko ulidumu atosekunde 250. Mwaka uo huo, kundi la Krausz mjini Vienna lilitenga mmweko mmoja wa atosekunde 650.

Tuzo ya 2023 ilitolewa kwa mbinu za majaribio, si kwa nadharia, na kwa kigezo hicho ni vigumu kumpinga Agostini. Wanaoshikilia kwamba Corkum alidhulumiwa nao hawakosi hoja: jina lake limo miongoni mwa waandishi wa ripoti ya Krausz ya 2001.