Wakaguzi waulize deni, si pasipoti tu

Makala yako imeisifu mno sheria ya Uingereza ya 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa. Kifungu cha 54 kinazitaka kampuni zenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka zitoe taarifa kila mwaka kuhusu hatua zilizochukua dhidi ya utumwa huo, basi. Kampuni ikiandika kwamba haijachukua hatua yoyote, bado imetii sheria!

Hata ukaguzi hautoshi: nimelinda majengo Doha. Mkaguzi wa mteja alipokuja, pasipoti zetu ziligawiwa usiku wa kuamkia ukaguzi, tukasaini daftari. Kesho yake zikarudi kabatini. Tulihojiwa msimamizi akiwa amesimama pale pale, nani angethubutu? Na hakuna aliyeuliza tulimlipa wakala kiasi gani huko Nairobi. Kamba yenyewe ndiyo hiyo: umekopa, mzee ameuza shamba, huwezi kuacha kazi hata mshahara ukichelewa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa 1997 unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada, ukiacha misamaha michache.

Kwa hiyo kampuni inayonunua ulinzi idai risiti za wakala, ihakikishe mlinzi amerudishiwa pesa zake, na impe mkandarasi bei inayotosha mishahara. Zabuni ya bei ya kutupa mnadhani anaifidia nani?