Mnaolilia Duka Kubwa, Mlipitia Mlango Gani?

Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya kumuaga binamu yangu anayeolewa, pale Kirumba, baba mkubwa alipewa kipaza sauti atoe nasaha. Nasaha hakutoa. Alizungumzia duka.

"Nyie watoto mkiona Rock City Mall mnadhani ndiyo mmeona duka," alisema. Akatueleza duka kubwa la umma la ujana wake, katikati ya Mwanza: kaunta ya mbao iliyong'arishwa, karani mwenye tai, majora ya vitambaa vya MWATEX yamepangwa kwa rangi, baiskeli za Swala mlangoni, bei imeandikwa na hakuna kuombana. Akamalizia: "Mji ulikuwa mji. Siyo sasa, machinga mpaka milangoni kwa watu." Ukumbi ukapiga makofi. Mama yangu, ambaye amekuwa machinga tangu kabla sijazaliwa, naye alipiga makofi, kwa sababu ni shemeji yake na alikuwa amekaa meza ya mbele.

Sikumjibu siku ile. Mtu hamjibu baba yake mkubwa ukumbini. Najibu hapa, na wala simjibu yeye peke yake. Hotuba hiyo hiyo naisikia kwa watu wa rika langu, waliozaliwa wakati maduka yale yameshakufa, wanaotazama picha za zamani za mji na kuguna kana kwamba nao waliwahi kununua kitu mle ndani.

Nianze na haki yake. Wazo la duka lile lilikuwa zuri. Wakulima wa pamba wa kanda hii walijua maana ya kuibiwa kwenye mizani; ndiyo sababu walijenga vyama vyao vya ushirika mpaka mwaka 1955 wakawa na muungano wa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, wakauza pamba yao wenyewe na kununua vinu vya kuichambua. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya kuagiza bidhaa ikawekwa mikononi mwa shirika la STC, na miaka ya 1970 kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Mkulima wa Magu aingie, akute bei ile ile anayoikuta mkurugenzi. Nani angepinga hilo?

Lakini mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977, vita vya Kagera vikaja, mafuta yakapanda bei, viwanda vikakosa vipuri. Bidhaa zikaadimika huku bei ikibaki pale pale ilipopangwa na Tume ya Bei. Hapo ndipo duka lilipogeuka. Kitu kikiwa hakitoshi na bei yake hairuhusiwi kupanda, pesa haikusaidii tena. Kinachokusaidia ni kibali, na kibali kinatoka kwa mtu, na mtu ana ndugu zake. Wazee walikuwa na neno la kejeli kwa jambo hilo: undugunaizesheni.

Baba mkubwa alikuwa afisa katika shirika moja la umma. Alikuwa na vibali. Ile kaunta iliyong'aa aliiona kwa utulivu kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsukuma mgongoni.

Mama alikuwa nje. Mwaka 1982 alikuwa na miaka kumi na saba, ametumwa kutoka Misungwi kutafuta kitambaa cheupe. Babu alikuwa amefariki usiku ule, na nyumbani hapakuwa na sanda. Alipanga foleni kabla jua halijachomoza, kwenye duka ambalo silitaji; yalikuwa mengi ya aina yake na sidhani kosa lilikuwa la karani mmoja. Saa nne wakaambiwa nguo nyeupe hakuna. Saa tano aliona majora mawili yakitolewa mlango wa nyuma, yakapakiwa kwenye gari.

Jioni, mtu akamwelekeza kwa mwanamke mmoja upande wa Makoroboi. Mwanamke yule alifunga mlango, akavuta kitambaa kutoka uvunguni mwa kitanda, akataja bei iliyomeza pesa yote waliyochangiwa na majirani. Mama alilipa. Kisheria yule mwanamke alikuwa mlanguzi. Mama humtaja kwa jina lingine: "Yule ndiye aliyemzika babu yako."

Mwaka uliofuata, Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sibishi kwamba walikuwepo mapapa waliofungia shehena nzima. Ila mwaka huo huo ikaja pia sheria ya nguvukazi, na wachuuzi wadogo wa mijini wakakusanywa kama wazururaji, warudishwe vijijini wakalime. Mama anasema wapo waliozamisha mali ziwani usiku, sabuni na redio, kuliko kukutwa nazo, wakati watu wanafua kwa majani ya mpapai. Yule mwanamke wa Makoroboi hakumwona tena. Duka kubwa lilikuwepo bado, safi kabisa, na karani wake mwenye tai, na rafu tupu.

Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, bidhaa zikarudi, na nyingi zilirudi mabegani, kwenye mafurushi, juu ya turubai lililotandikwa chini. Mama alianza na vitenge, baadaye akahamia mitumba. Ada yangu ya sekondari na ya chuo ilitoka juu ya turubai hilo, hapo hapo Makoroboi, mtaa uliochukua jina lake kwenye koroboi, kibatari cha bati ambacho hakijawahi kuuzwa kwenye kaunta ya mbao.

Kwa hiyo nikisikia "mji ulikuwa mji", nasikia zaidi ya duka. Desemba 2016 machinga wa Mwanza waliondolewa mitaani mpaka Rais Magufuli akaamuru waachwe. Baadaye wakauziwa vitambulisho vya shilingi 20,000. Mwishoni mwa 2021 wakahamishwa tena, nchi nzima, na meza ya mama ikaondoka pamoja na nyingine. Kila mara waliosema mji upendeze walikuwa na kumbukumbu fulani nzuri mkononi, na kila mara ni yule yule aliyekuwa nje ya picha anayetakiwa atoke tena. Mkitaka kulikumbuka duka, likumbukeni pamoja na foleni yake.

Jambo moja zaidi kuhusu sherehe ile. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti la kijivu, zito, limekaa mabegani kama limeshonwa kwa vipimo vyake, na MC alilisifia. Mama alilitoa kwenye belo wiki mbili kabla, akaliweka pembeni kwa ajili yake, kama anavyofanya kila mwaka. Alilipa nusu. Nusu nyingine bado anadaiwa.