Sasisho Likigoma: Lugha Hupimwa Siku ya Hitilafu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi na kila mmoja wetu amewahi kuitungia insha. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba tarakilishi tunazozitumia nyumbani na mabwenini nazo zina nyufa, na kwamba waliozitungia mifumo endeshi hutuletea udongo wa kuziba nyufa hizo karibu kila mwezi. Udongo huo ndio masasisho. Makala haya yanadhamiria kutoa maoni kuhusu siku ile ambapo sasisho hukataa kuingia. Msimamo wangu ni kwamba, aghalabu, kinachomshinda mtumiaji siku hiyo si mtambo bali ni lugha, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni katika jambo hili.

Niruhusu nianze na kisa. Mwenzangu mmoja alikuwa akiandika tasnifu yake kwa tarakilishi ya nyumbani. Kwa majuma kadhaa, kila alipoizima jioni, mtambo huo ulianza kusakinisha sasisho, ukahesabu asilimia hadi mahali fulani, ukarudi nyuma, kisha ukatoa ujumbe wa Kiingereza uliofuatwa na msimbo mrefu wa tarakimu. Aliupiga picha kwa simu, akaipeleka tarakilishi kwa fundi. Fundi hakuusoma ujumbe ule. Alisema mfumo umeharibika, kila kitu kifutwe na mfumo upya usakinishwe. Mwenzangu alilipa, akarudishiwa mtambo uliong'ara kama mpya, lakini sura mbili za tasnifu ambazo hakuwa amezinakili popote zilikuwa zimekwenda na maji. Baadaye tuliitazama ile picha. Msimbo uliokuwamo ulikuwa 0x80070070, na maana yake ni kwamba diski imejaa. Filamu na video za harusi ndizo zilizokuwa zimeijaza. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kuhamisha filamu kumi, si kufuta tasnifu.

Simlaumu fundi peke yake, wala simlaumu mwenzangu. Wote wawili walitazama maandishi yasiyosema nao. Lakini je, msimbo ule ni wa ajabu kiasi hicho?

Hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha wanaisimu wenzangu jambo tunalolifanya kila wiki darasani. Tukipewa kitenzi "hawakumpikia", hatutishiki kwa urefu wake. Tunakitenga: ha- ni ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita, -m- ya mtendewa, -pik- ndio mzizi, -i- ya kutendea, na -a ndicho kiishio. Msimbo wa hitilafu katika mfumo wa Windows nao una mofolojia yake. Herufi 0x hutuarifu tu kwamba nambari inayofuata imeandikwa kwa kipimo cha kumi na sita, si cha kumi tulichokizoea. Tarakimu 8 ya mwanzo ni kama kiambishi cha ukanushi: jambo limeshindikana. Tarakimu tatu zinazofuata hutaja idara ya mfumo iliyotoa malalamiko. Nne za mwisho ndizo mzizi, yaani kosa lenyewe.

Basi tuutenge msimbo wa mwenzangu: 8, kisha 007, kisha 0070. Idara 007 ni ya makosa ya jumla ya Windows. Mzizi 70 katika kipimo cha kumi na sita ni saba mara kumi na sita, yaani 112 katika hesabu yetu ya kawaida, na kosa la 112 ni ukosefu wa nafasi kwenye diski. Mzizi ukiwa 0005, mfumo umenyimwa ruhusa ya kugusa faili fulani. Ukiwa 0002, faili iliyotafutwa haikuonekana. Msimbo ukianza kwa 8024, lawama ziko kwa huduma yenyewe ya kupakua masasisho. Na ule uitwao 0x800F081F hutuambia kwamba vipande vinavyohitajika kuukarabati mfumo havikupatikana. Mwanafunzi aliyeweza kupambanua viambishi vya ngeli ya KI-VI hawezi kushindwa na haya. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza kwa lugha aielewayo.

Ukishaufasiri ujumbe, utaratibu wa tiba haukosi mantiki, na ninaamini unaweza kuelezwa kwa Kiswahili safi kisichohitaji mkalimani. Jambo la kwanza, kabla ya yote, ni kunakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje. Lau mwenzangu angefanya hivyo, kisa hiki kingekuwa kichekesho. La pili ni kuizima tarakilishi na kuiwasha upya, kwa maana sasisho lililotangulia huenda linangoja hatua hiyo ili likamilike. La tatu ni kukagua nafasi: futa faili za muda, ondoa programu usizozitumia, hamisha video. La nne ni kutazama saa na tarehe. Wengi hulipuuza hili, ilhali tarakilishi ambayo betri yake ndogo ya mviringo ya ndani imekwisha hupoteza tarehe, na yenye tarehe ya miaka iliyopita hushindwa kuthibitisha kwamba inazungumza na seva ya kweli, hivyo hukataa kupakua. La tano ni mtandao. Ikiwa umeiarifu tarakilishi kwamba unalipia data kwa kipimo, kama wengi wetu tunavyofanya ili kuhifadhi bando, huenda masasisho makubwa yakaahirishwa pasi na wewe kujua. La sita ni umeme: usianze kusakinisha kipakatalishi kikiwa na chaji haba, au siku ambapo taa zinapotea kila saa.

Yakishindikana hayo, mfumo wa Windows una kitatuzi chake katika mipangilio, ambacho hukagua huduma ya masasisho na kuirekebisha. Kuna pia folda iitwayo SoftwareDistribution ambamo vipande vilivyopakuliwa huhifadhiwa. Kipande kimoja kikipakuliwa nusu, kila jaribio jipya huweza kukwama papo hapo. Kwa hiyo huduma husimamishwa kwanza, folda hiyo ikapewa jina jingine, na mfumo ukaachwa uunde mpya. Amri ya sfc /scannow, nayo, hukagua faili za mfumo na kurudisha zilizoharibika. Kufuta kila kitu na kuanza upya ni hatua ya mwisho kabisa, kama vile mganga asivyokata mguu kabla ya kuosha kidonda.

Waama, yapo pia makatao yasiyo hitilafu. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, mfumo wa Windows 10 ulifikia kikomo cha masasisho ya kawaida ya bila malipo, jinsi Windows XP ilivyofikia kikomo chake mwezi Aprili 2014. Windows 11 nayo hudai kijenzi maalumu cha usalama ambacho tarakilishi nyingi kuukuu hazina. Mwenye mtambo kama huo akiambiwa hauwezi kupokea mfumo mpya, hana cha kutengeneza. Ana uamuzi wa kufanya. Anaweza kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya muda wa ziada, anaweza kugeukia mfumo huria kama Linux, au anaweza kununua mtambo mwingine. Lakini atawezaje kuamua asipoweza kutofautisha "haiwezi leo" na "haitaweza kamwe"? Hiyo ni tofauti ya njeo, na njeo ni somo letu.

Huenda msomaji akauliza: kwani kuna ubaya gani sasisho likigoma, maadamu tarakilishi ingali inawaka? Jibu lilitolewa mwezi Mei 2017, wakati kirusi kilichoitwa WannaCry kilipofunga faili za maelfu kwa maelfu ya tarakilishi katika mataifa mengi na kuwadai wenyewe fidia. Hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Ufa uliotumiwa na kirusi hicho ulikuwa umekwisha kutengenezewa udongo wake mwezi Machi mwaka uo huo. Kwa mifumo ya Windows iliyokuwa ingali ikihudumiwa, waliolisakinisha sasisho lile walikuwa wameuziba ufa huo miezi miwili kabla. Kwa hiyo, ujumbe wa sasisho lililoshindikana si karaha ya jioni moja tu. Ni onyo, na onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo lisilotolewa.

Sasa nirejee kwetu. Hatuwezi kusema kwamba Kiswahili hakijaingia katika tarakilishi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Katikati ya mwongo huo kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na tangu UNESCO ilipotangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021, hatukosi ngoma na mashairi kila mwaka.

Lakini menyu iliyotafsiriwa ni mlango tu wa nyumba. Mtumiaji huhitaji lugha yake zaidi pale anapokwama kuliko pale anapobonyeza "Hifadhi" na mambo yakaenda sawa. Mtoto akilia usiku, hatumbembelezi kwa lugha ya wageni. Vivyo hivyo, lugha inayojua kukaribisha lakini isiyojua kueleza maradhi bado haijawa mwenyeji.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya wenzetu wa sayansi ya tarakilishi. Nakubali kwamba maarifa ni yao. Lakini kuyaweka maarifa hayo katika sentensi ambayo shangazi yangu ataisoma na kuitekeleza ni kazi yetu. Kuna watakaosema kwamba istilahi hazijatosha. Kunradhi, istilahi si haba. Tuna neno "sasisha", lililochipuka kutoka kwa kielezi "sasa", lenye maana ya kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Ni neno linalojieleza kuliko lile la Kiingereza. Tuna pakua, sakinisha, nakili, mipangilio na hitilafu. Ila tumezoea kuyatunga maneno haya, kuyahariri katika makongamano, kisha kuyalaza kabatini. Tumebishana kwa miaka kama chombo kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na wakati tukibishana, mwenye chombo alikuwa akifutiwa tasnifu. Mimi natumia tarakilishi katika makala haya, lakini atakayemwelekeza jirani yake kwa neno kompyuta nitamshukuru vilevile.

Kuna pia watakaosema kwamba Mkenya aliyenunua tarakilishi hawezi kukosa Kiingereza. Hoja hii ina ukweli nusu. Mwenzangu anajua Kiingereza barabara. Alifaulu mitihani yake yote kwacho. Hata hivyo, Kiingereza cha ujumbe wa hitilafu si kile cha riwaya. Ni lugha ya mafundi kwa mafundi. Anachohitaji mtumiaji ni ufafanuzi, na ufafanuzi hukaa vyema zaidi katika lugha ambayo mtu huulizia njia na kuelekezwa.

Kwa mintarafu hii, napendekeza mambo matatu kwa chama chetu. Mosi, tukae na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi, tuteue ujumbe ishirini wa hitilafu unaowasumbua wanafunzi zaidi, na kila mmoja tuuandikie aya moja ya Kiswahili: unasema nini, umesababishwa na nini, ufanye nini kwanza, na usifanye nini. Pili, maandishi hayo tuyajaribu kwa watu kabla ya kuyachapisha. Mpe mtu asiye mtaalamu, mtazame akiyafuata, na pale atakapokwama ujue kosa ni la sentensi yako, si lake. Tatu, wahadhiri wetu wakubali kazi ya namna hii kama mradi halali wa isimu tumizi, ili mwanafunzi anayependa tafsiri apate alama kwa kuandika kitu kitakachosomwa na watu zaidi ya mtahini wake.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Mwenzangu aliziandika upya sura zake mbili kwa muda wa miezi minne, na siku hizi hunakili kazi yake kila Ijumaa. Alilipata funzo hilo kwa gharama kubwa, ilhali sentensi moja ya Kiswahili ingetosha: "Diski yako imejaa, ondoa baadhi ya faili, kisha ujaribu tena." Sentensi hiyo haina istilahi hata moja ya kubishaniwa. Ilihitaji tu mtu wa kuiandika, na kuiweka mahali ambapo yeye na fundi wake wangeiona.